Bei ya Kifaa Ni Pamoja na Nauli ya Kukirudisha

“Sasa simu ikikufa, ile pesa iko ndani inaenda wapi?”

Swali hili tumeulizwa Kitengela, tumeulizwa Isinya, na majuzi tulipofika Kimuka tuliulizwa na watu watatu kabla hata hatujamaliza kusimamisha mwavuli. Tunaomba mtu yeyote asilicheke. Mtu ameuza mbuzi wawili asubuhi, mnunuzi akamtumia hela kwa simu, na jioni simu hiyo hiyo imetumbukia kwa ndoo ya maziwa. Kioo ni cheusi. Ukimwambia “usijali, ni simu tu,” hujamjibu. Kwake yeye, ni mbuzi wawili waliozama kwa hiyo ndoo.

Kwa hivyo tuanze na jibu, kisha tutapiga stori.

Pesa haiko ndani ya simu. Haiko hata ndani ya laini. Simu ni mlango, laini ni kitambulisho chako mlangoni, na PIN ni ufunguo. Pesa yenyewe imeandikwa kwa jina lako kwenye mitambo ya kampuni inayokuhudumia, na Kanuni za Mfumo wa Taifa wa Malipo za mwaka 2014 zinataka kampuni za pesa za simu ziweke pesa za wateja katika akaunti ya amana kwenye benki, mbali na pesa za kampuni yenyewe. Simu ikikanyagwa na ng'ombe, salio lako halijui kama kuna ng'ombe aliyepita.

Basi simu ikizima, usianze kwa kukimbilia fundi. Toa laini, ipanguse ikauke, itie kwa simu nyingine yoyote, hata ile kabambe ya nyanya yenye tochi. Kwa wale wa M-Pesa, piga *334# na menyu itakuja bila intaneti na bila programu yoyote, na PIN ni ile ile. Ukiazima simu ya jirani, ukimaliza toa laini yako na ufute SMS zilizobaki, kwa sababu jirani mwema hahitaji kujua umeuza mbuzi wangapi. Ikiwa laini nayo imepotea, nenda na kitambulisho chako kwa duka la mtandao wako wakutolee nyingine yenye nambari ile ile.

Na kwa kuwa wezi nao wanajua laini inaweza kutolewa upya, kama uko Safaricom piga *100*100# leo hii, kabla ya shida, ili laini yako isibadilishwe kiholela na mtu anayejifanya wewe. Haichukui hata dakika moja.

Sasa stori.

Safari za kazi zikitajwa ofisini zinasikika tamu sana. Ukweli ni kwamba tunatoka Kitengela alfajiri na gari lililojaa vipeperushi, tunashika barabara ya Namanga hadi Isinya, tunakata kulia kuelekea Kiserian, tunapita Ngong, halafu tunashika barabara ya Suswa inayoteremka ng'ambo ya milima. Yote hiyo bado ni Kajiado. Anayetoka Nairobi naye hupanda matatu ya 111 hadi Ngong, kisha anatafuta gari la kuteremka, au pikipiki. Ukifika Kimuka na ukageuka kutazama ulikotoka, unaona zile feni kubwa za umeme juu ya milima ya Ngong. Mitambo miwili ya kwanza iliwekwa pale mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na mipya ya KenGen ikaja mwaka 2009. Hata kifaa kikubwa namna hiyo huzeeka. Tofauti ni kwamba KenGen ina mafundi wake.

Tulikuwa tumekuja kufundisha kuhusu malipo ya dukani. “Supa!” tukasalimu. “Ipa!” wakaitikia, na badala ya maswali kuhusu malipo wakaanza kuleta vifaa vilivyokufa. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna vijana wa mambo ya simu wamekuja. Kufikia saa sita meza yetu ilikuwa kama hospitali: tochi ya sola yenye redio ambayo redio inaongea lakini tochi haiwaki, pawa benki iliyofura kama andazi, saa ya kupima mapigo ya moyo inayoonyesha moyo unapiga hata ikiwekwa kwa meza, blenda ndogo ya kuchaji, visikizi vya masikioni ambavyo kimoja kimenyamaza, na feni ya kuvaa shingoni. Kijana aliyeileta hiyo feni alituambia kwa uchungu kwamba ilifanya kazi siku nne. Kimuka kuna upepo, lakini hatukumwambia hivyo.

Hatudharau mtu kwa kununua vitu vipya. Kifaa kipya ni raha, na vingine hubadilisha maisha kabisa. Sola ndogo ya nyumbani imewafanya watoto wasome usiku bila moshi wa koroboi. Tunachotaka kusema ni kwamba bei iliyoandikwa kwa kifaa ni bei ya mtu wa mjini. Mtu wa Kimuka ana bei nyingine, na haijaandikwa popote.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme taa ya sola ni shilingi 600 kwa duka la vifaa vya umeme Luthuli Avenue, Nairobi. Mnunuzi wa Nairobi ikimharibikia anatembea hadi pale wakati wa lanchi, anagombana kidogo, anabadilishiwa. Wewe wa Kimuka, tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 500. Ongeza chai na nusu siku ya kazi, na mtu wa kukuchungia mifugo. Tayari kuirudisha ni ghali kuliko kuinunua, na muuzaji anajua hivyo. Wala si lazima awe mtu mbaya. Anajua tu kwamba hutarudi. Weka nauli yako halisi kwa hiyo hesabu kabla ya kununua kitu chochote cha betri kutoka mbali. Kama duka la Ngong linauza taa hiyo hiyo kwa 750, huenda hilo ndilo duka la bei rahisi.

Hapa ndipo njia ya kulipa inapoingia, na hapa ndipo sisi tunajua kitu.

Kati ya wote waliokuja mezani na vifaa vibovu, swali letu la kwanza lilikuwa moja: ulilipa vipi? Wengi walilipa kwa kutuma pesa kwa nambari ya mtu. Waliona tangazo mtandaoni, wakapiga simu, wakaambiwa “tuma kwa hii nambari,” wakatuma, na mzigo ukaletwa na matatu. Ukifungua ile SMS ya muamala, jina lililopo si la duka. Ni jina la mtu binafsi, na pengine hata si yule aliyeongea nawe. Ukitaka kudai, utamdai nani? Duka litasema halikupokea kitu. Mwenye nambari atasema alikuwa anapokea tu kwa niaba, au atazima simu.

Ukilipa kwa nambari ya till au paybill iliyosajiliwa, SMS yako inakuja na jina la biashara, tarehe, saa, kiasi na nambari ya muamala. Hiyo SMS ni risiti. Kuna watu wanasema risiti ni ile ya karatasi pekee, lakini karatasi za mashine hufifia zikikaa juani, na Kajiado jua halibembelezi mtu. Usifute SMS ya kununua kifaa mpaka muda wa waranti uishe. Bora zaidi, itume kwa nambari ya mtu wa nyumbani unayemwamini, ili simu ikifa ushahidi usife nayo.

Kabla ya kukamilisha malipo, soma lile jina linalotokea. Taratibu, herufi kwa herufi. Kama umeambiwa unalipa duka na jina linalotokea ni la mtu, uliza kwa nini. Kama jibu ni refu sana, shika pesa yako. Na kama muuzaji yuko mbali na humjui, omba kulipa mzigo ukifika na umeuwasha ukauona unafanya kazi. Wauzaji wengi wanaojiamini hukubali. Asiyekubali hata kidogo amekujibu.

Kuna jambo moja ambalo wateja wengi hutulaumu kwalo, na tutalisema wazi. Huduma ya kurudisha muamala ni ya pesa iliyopotea njia. Ulikosea nambari, pesa ikaenda kwa mgeni: kwa M-Pesa unaituma ile SMS nzima kwa 456 haraka iwezekanavyo, kabla mgeni hajaitoa. Haikuwekwa kwa ajili ya blenda iliyokataa kusaga. Ulimlipa uliyetaka kumlipa, kiasi ulichotaka, na mtandao ulifanya kazi yake. Tukianza kurudisha pesa kila mnunuzi anapokasirika, mwenye duka hatakubali pesa ya simu tena, na tutarudi kubeba noti kwa soksi. Ugomvi wa bidhaa ni kati yako na muuzaji. Lakini katika huo ugomvi hauko uchi.

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari unazohitaji ili bidhaa ikufaidi, na haki ya fidia ukipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu. Kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012. Na kuna sheria ya zamani zaidi, ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo watu wengi hawajui ina maneno matamu kwa mtu anayekaa mbali. Inasema kwamba mkiwa hamjakubaliana vinginevyo, mnunuzi mwenye haki ya kukataa bidhaa halazimiki kumrudishia muuzaji. Inatosha kumjulisha kwamba ameikataa. Yaani ile nauli ya 500 si lazima iwe mzigo wako. Lakini sheria hiyo hiyo inasema ukikaa na kitu kwa muda mrefu kupita kiasi bila kusema lolote, unahesabiwa umekikubali. Kwa hivyo usingoje hadi siku utakayokuwa na safari ya Nairobi. Siku unayogundua ubovu ndiyo siku ya kuandika.

Na uandike, usipige simu tu. Simu haiachi alama. SMS au WhatsApp inaacha. Pale mezani tulimsaidia mama mmoja mwenye ile tochi ya redio kuandika hivi:

“Habari ya leo. Mimi ni mteja, nilinunua kwenu taa ya sola yenye redio tarehe 3, nikalipa kwa till yenu. Nambari ya muamala ni hii hapa. Taa haiwaki tangu jana. Naikataa na naomba mnibadilishie au mnirudishie pesa. Nimewatumia picha. Nasubiri jibu lenu kufikia Ijumaa.”

Hakuna matusi, hakuna “mtaona.” Tarehe, muamala, shida, anachotaka, na siku ya mwisho. Binti yake alikuwa amemwambia asifute ile SMS ya malipo, na hiyo SMS ndiyo iliyompa nguvu. Kwa madeni makubwa zaidi kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Kusema kweli, hatutarajii mtu aende huko kwa sababu ya taa ya 600. Lakini kwa friji ya duka au pampu ya kisima, hiyo ni habari nyingine.

Halafu kuna wale ambao kifaa kimekufa na bado wanakilipia. Hawa ndio waliotukalisha muda mrefu zaidi.

Kulipia kifaa kidogo kidogo kwa simu si jambo geni hapa. M-KOPA ilianza kuuza sola kwa njia hiyo Kenya mwaka 2012: unaweka arbuni, kisha unatuma kiasi kidogo kila siku kwa mwaka mmoja, na kifaa chenyewe kina laini ndogo ndani inayokiruhusu kuwaka ukilipa. Mwaka 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku baada ya arbuni. Mfumo huu umewapa sola na simu watu ambao hawangeweza kulipa zote mara moja, na sisi tunaupenda. Ila watu wengi huuliza swali moja tu wakiwa dukani: ni ngapi kwa siku? Shilingi 20 inasikika kama si pesa. Swali la pili ndilo muhimu: kikiharibika katikati, nitaendelea kulipa?

Uliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo, kabla ya kutuma arbuni, na uonyeshwe mahali palipoandikwa. Waranti ni ya miezi mingapi, na je, ni sawa na muda wa mkopo au inaisha mapema? Kioo kikivunjika, je? Kikiingia maji? Kituo cha matengenezo kilicho karibu kiko wapi: Ngong, Kitengela, au ni Nairobi? Na siku ambazo kifaa kiko kwa fundi wao, zinahesabiwa? Mzee mmoja mezani alisikiliza haya yote, akatikisa kichwa akasema, “Vijana, mimi nikinunua ng'ombe huwa namfungua mdomo niangalie meno. Hii simu sikuiangalia meno.”

Kama tayari uko ndani ya mkopo na kifaa kimekufa, usiamue kimya kimya kuacha kulipa. Deni halijui kwamba kifaa kimekufa mpaka mtu alijulishe. Wapigie, waandikie, uombe nambari ya malalamiko na uitunze pamoja na zile SMS za malipo.

Tukirudi kwa fundi. Mafundi wa Ngong na Kitengela ni wajuzi, na wengi ni watu waaminifu, lakini simu yako ikilala kwa meza ya mtu mwingine, laini yako isilale nayo. Toa laini, toa na memori kadi. Fundi anaweza kuhitaji kufungua skrini ili ajaribu kioo kipya. PIN ya pesa haihitaji kwa lolote, hata akisema ni ya “kutesti.” Na kama umeihifadhi PIN kwa simu ukaipa jina “Shangazi PIN,” jua kwamba hilo ndilo jina la kwanza mwizi hutafuta. Kabla ya kuiacha, piga *#06# uandike ile nambari ndefu ya IMEI mahali, ili ukirudishiwa simu ujue ni yako na si ndugu yake.

Kuhusu ile pawa benki iliyofura, tuliomba mwenyewe asiichaji tena, asiitoboe, wala asiitupe motoni. Betri za namna hiyo hushika moto. Na zile betri kubwa za gari zinazotumika na sola, zikifa zisiachwe nje ya boma, kwa sababu ng'ombe huzilamba na risasi iliyomo inaweza kuwaua. Wachungaji waliokuwepo walijua hili kuliko sisi. Mmoja akatuonyesha kwa kidole mahali ambapo moja ilikuwa imetupwa, na kabla hatujafunga mwavuli vijana wawili walikuwa wameenda kuiondoa.

Yule mama wa tochi ya redio alipata jibu baada ya siku mbili. Muuzaji amekubali kumbadilishia, ila anataka taa ya zamani itumwe kwanza na matatu hadi Nairobi, na mama alipe gharama ya mzigo. Mama amemjibu kwamba yeye ameikataa, iko hapo kwake salama juu ya kabati, na akitaka kuichukua barabara ya Kimuka anaijua. Tunapoandika haya bado wanaandikiana.